Mimba Ipimwe Kabla Haijaonekana

Huku kwetu Rumonge, Burundi, mwanamke hutangaza mimba pale kitenge kinaposhindwa kuificha. Mwezi wa tano huo, mara nyingine wa sita. Ndipo anakuja kliniki, ameoga, amejitanda vizuri, nasi wakunga tunampokea kwa furaha: tunampima, tunampa vidonge vya kuongeza damu na chandarua, tunamwandikia tarehe ya kurudi. Lakini kwa ugonjwa mmoja unaotuulia kina mama, mwezi wa tano ni kuchelewa. Nazungumzia presha ya mimba, ambayo madaktari huiita prieklampsia, na ambayo isipodhibitiwa inaweza kuishia kwenye kifafa cha mimba.

Mimi ni mkunga. Kituo chetu kiko kusini mwa mji, upande mmoja michikichi, upande mwingine ziwa, na barabara ya Nyanza-Lac inapita mbele ya lango. Ninaandika kwa sababu nimechoka kuwapokea wanawake wakiwa na degedege ilhali hatari yao ingeweza kujulikana miezi mingi kabla. Ingejulikana kwa maswali machache na kwa mkanda wa kupimia presha, vitu ambavyo tayari tunavyo. Na ikijulikana mapema, kipo kidonge cha bei ya chini cha kuipunguza.

Ugonjwa wenyewe huanza kimyakimya. Katika miezi ya mwanzo kondo la nyuma linajishika kwenye ukuta wa mji wa mimba, na mishipa ya damu ya mama iliyopo pale, ambayo kwa kawaida ni myembamba, inatakiwa ipanuke ili damu imfikie mtoto kwa wingi na kwa utulivu. Ni kama mfereji wa mpunga: usipochimbwa vya kutosha mwanzoni, maji yatakosekana wakati mpunga unabeba. Kazi hiyo ya kupanua mishipa huwa imekamilika, au imeshindikana, inapokaribia wiki ya 20. Ikishindikana, kondo linakosa damu ya kutosha, nalo linaanza kumwaga ndani ya damu ya mama vitu vinavyoumiza mishipa ya mwili mzima. Mwaka 2003 daktari Ananth Karumanchi na wenzake huko Boston, Marekani, walionyesha kimojawapo, protini inayotoka kwenye kondo na kuinyima mishipa ya mama kinga yake. Hapo figo zinaanza kuvujisha protini kwenye mkojo, ini linaumia, ubongo unavimba, presha inapanda.

Kwa hiyo ninapomkuta mama wa miezi saba ana presha ya 160 kwa 110, analalamika kichwa na anaona nyota mbele ya macho, ugonjwa huo umeshakaa ndani yake kwa miezi. Tiba ya kuuondoa ni moja tu, kumzalisha ili kondo litoke, hata kama mtoto bado ni njiti. Mengine yote ni kununua muda. Sindano ya magnesiamu salfeti naiheshimu sana: utafiti wa mwaka 1995 ulionyesha inazuia degedege kurudi vizuri kuliko dawa zilizokuwa zikitumika, na ule ulioitwa Magpie, wa mwaka 2002, uliohusisha wanawake wapatao 10,000 katika nchi 33, ulionyesha inapunguza uwezekano wa kifafa kwa zaidi ya nusu. Tunaichoma matakoni, gramu tano kushoto na gramu tano kulia, na inauma kiasi kwamba mama mwenye fahamu hulia. Naichoma bila kusita. Ila kila nikiivuta kwenye bomba najua tumefika mwisho wa njia ambayo tungeikatiza mwanzoni.

Ukubwa wa jambo hili ni huu. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba katika kila vifo 100 vya uzazi duniani, takriban 16 vinatokana na presha. Kwa Burundi, utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta vifo 334 vya kina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Utafiti huohuo ulikuta kwamba mwanamke wa Burundi huzaa kwa wastani watoto zaidi ya watano, kwa hiyo hatari hii anakutana nayo tena na tena maishani. Ulikuta pia kwamba karibu wajawazito wote hufika kliniki angalau mara moja. Hilo ndilo linalonipa moyo. Wanawake wetu hawaikatai kliniki. Wanakuja. Wanakuja wamechelewa tu, na karibu nusu yao ndio wanaofikisha mara nne.

Wala si ugonjwa wa maskini peke yao. Mwaka 2023 Tori Bowie, mwanariadha wa Marekani aliyetwaa medali tatu kwenye Olimpiki ya Rio, alikutwa amekufa nyumbani kwake Florida, mjamzito wa miezi minane. Uchunguzi wa maiti ulitaja kifafa cha mimba miongoni mwa mambo yanayodhaniwa kumwua. Alikuwa na mwili wa chuma na aliishi katika nchi yenye kila mashine.

Sasa kuhusu hicho kidonge. Mwaka 2017 jopo lililoongozwa na Profesa Kypros Nicolaides wa London lilitangaza matokeo ya utafiti ulioitwa ASPRE, uliofanyika katika hospitali 13 za nchi sita. Wajawazito walipimwa kati ya wiki ya 11 na ya 14. Walioonekana kuwa na hatari kubwa waligawanywa makundi mawili: hawa wakapewa aspirini ya miligramu 150 kila usiku mpaka wiki ya 36, wale wakapewa kidonge kinachofanana nacho kisicho na dawa. Kati ya wanawake 798 waliopata aspirini, 13 waliugua prieklampsia iliyolazimisha mtoto azaliwe kabla ya wiki ya 37. Kati ya 822 ambao hawakuipata, waliougua walikuwa 35. Yaani zaidi ya nusu ya ugonjwa wa aina ile mbaya, ile inayowahi, iliondoka kwa aspirini. Na Shirika la Afya Duniani lilikwishapendekeza tangu 2011 kwamba wanawake wenye hatari kubwa wapewe aspirini ya dozi ndogo, waanze kabla ya wiki ya 20.

Angalia hizo wiki. Anayekuja mwezi wa tano anafika wakati mlango unafungwa, na anayekuja mwezi wa sita anakuta umefungwa.

Watu wakisikia London hudhani lazima tungoje mashine. Kipimo kamili cha Nicolaides kinachanganya mambo manne: historia ya mama, presha yake, picha ya ultrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu kwenye mishipa ya mji wa mimba, na kipimo cha protini moja ya kondo kwenye damu. Mawili ya mwisho hayapo kwenye kituo kama chetu, na sidhani yatafika karibuni. Lakini mawili ya kwanza hayahitaji hata umeme. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa uzazi, FIGO, lilipotoa mwongozo wake mwaka 2019 lilisema wazi kwamba pasipo na uwezo, kipimo cha msingi ni historia ya mama pamoja na presha yake. Hakitawakamata wote ambao mashine zingewakamata. Kitawakamata wengi, na leo hatuwakamati.

Yapo pia mambo mapya zaidi. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walichapisha katika jarida la Nature kipimo cha damu kinachosoma vipande vidogo vya ujumbe wa chembe za mama, mtoto na kondo, na kutambua robo tatu ya wanawake ambao baadaye waliugua. Nimefurahi kuyasoma hayo na siku yatakapofika Rumonge nitayapokea kwa mikono miwili. Ila sitaki mtu yeyote, awe waziri au mkunga, aseme tunangoja hayo.

Nieleze jinsi maswali yanavyofanya kazi, maana watu huyadharau. Aliletwa kwetu mwanamke aliyevuka ziwa kutoka upande wa Baraka, nchini Kongo, akikimbia vita. Alikuja kwa ajili ya homa. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, cha mimba kikaonyesha. Kwa hesabu ya hedhi yake ilikuwa wiki ya 11. Nikamvutia kiti.

“Hii mimba ya ngapi, mama?”

“Ya tatu.”

“Watoto wawili hawajambo?”

“Mmoja yupo. Mwingine alizaliwa mdogo, hakuishi.”

Wengi huishia hapo. Wanaandika mimba tatu, aliye hai mmoja, aliyekufa mmoja, wanamwita anayefuata kwenye benchi. Mimi nilimwuliza mtoto alizaliwa mimba ikiwa na miezi mingapi. Saba, akasema. Nikamwuliza kama aliugua kabla ya kuzaa. Akatazama chini. Aliyejibu ni shangazi yake aliyekuwa amesimama mlangoni: “Alianguka, dada. Alitetemeka, macho yakageuka. Kule walisema ni mashetani, tukamfanyia dua.” Basi yule mwanamke akafungua kinywa, akatoa ulimi akanionyesha kovu pembeni, pale alipouma siku ile.

Mwanamke aliyewahi kupata kifafa cha mimba, au prieklampsia iliyomzalisha mapema, yumo kwenye kundi la hatari kubwa kuliko karibu wote. Hakuna mashine inayohitajika kujua hilo. Wengine wa kundi hilo ni wenye presha hata kabla ya mimba, wenye kisukari, wenye ugonjwa wa figo, wenye mapacha tumboni. Kisha kuna vitu ambavyo kimoja peke yake si kikubwa, lakini viwili vikikutana tunaamka: mimba ya kwanza, umri wa kuanzia miaka 35, unene mwingi, mama mzazi au dada wa tumbo moja aliyewahi kuugua hivyo, miaka kumi na zaidi tangu uzazi uliopita. Yote hayo yanajibiwa kwa mdomo. Yanataka dakika kumi, faragha, na mkunga ambaye hajaonyesha haraka usoni.

Yule wa Baraka tulimpeleka kwa daktari hospitalini, akaandikiwa aspirini, tukampima kila baada ya wiki mbili. Presha yake ilipanda, lakini ilipanda wiki ya 37, akiwa tayari anajua aende wapi. Alijifungua hospitalini. Mtoto ana sauti kubwa kuliko wote wa mtaa wao.

Kwa ufukwe huu kuna shida ambayo wenzetu wa nchi zilizotulia hawaijui: historia za wanawake wetu zimetawanyika. Huyu alizalia ukimbizini Tanzania, kambi ya Nyarugusu, yule Mtendeli, mwingine Ulyankulu alikozaliwa yeye mwenyewe baada ya wazazi wake kukimbia mwaka 1972. Huyu katoka Fizi ya Kongo, yule alikuwa Bujumbura kwa dada yake. Karneti zao za kliniki zilibaki kwenye kambi, zilichomwa, zilipotea njiani. Na maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2021, na tena 2024, yakaingia kwenye nyumba za ufukweni hapa hapa, watu waliokoa godoro na sufuria. Nani angekumbuka karneti ya kliniki? Ndiyo maana nasema mkunga wa Rumonge lazima aulize kuliko mkunga wa mahali pengine. Karatasi haipo, aliyebaki ni mama mwenyewe na shangazi mlangoni.

Cha pili ni mkanda wa presha, na hapa niwe mkali kidogo kwa wenzangu wa kazi. Presha nyingi tunazoandika si za kweli. Mama ametembea na jua kutoka Mutambara, amefika anahema, anavishwa mkanda juu ya sweta, mkono unaning’inia, huku anajibu maswali na mtoto anamvuta sketi. Namba inayotoka hapo ni ya safari yake. Apumzike dakika tano. Akae aegemee, nyayo zote mbili chini, asikunje miguu. Mkono uwe wazi, uwekwe mezani sawa na moyo, mkanda umtoshe. Mwenye mkono mnene ukimvisha mkanda mdogo utamzushia presha asiyokuwa nayo. Asizungumze, nawe usizungumze. Pima mkono wa kulia, pima wa kushoto, rudia.

Halafu fanya hesabu ndogo. Tuseme umepata 122 kwa 80. Toa 80 kwenye 122, inabaki 42. Theluthi yake ni 14. Jumlisha na 80, unapata 94. Huo ni wastani wa presha, na ndio unaotumika kukadiria hatari, kwa sababu kabla ya wiki ya 14 karibu hakuna anayefika 140 kwa 90 isipokuwa yule aliyekuwa na presha tangu zamani. Namba 94 kwa mimba changa haimfanyi mama kuwa mgonjwa. Lakini ikikutana na mimba ya kwanza na unene, inabadilisha ninavyomtazama. Taasisi ya Nicolaides imeweka kikokotoo chake kwenye intaneti, bure, na simu ya kawaida inakifungua. Kilitengenezwa kwa takwimu za wanawake wa Ulaya, kwa hiyo ningependa vyuo vyetu vya Burundi, na vya Tanzania na Kongo, vikipime kwa wanawake wa hapa na kukirekebisha. Hiyo ni kazi ya wasomi na ina heshima kuliko semina nyingi.

Vifaa vipo vya kusaidia. Kuna kipima presha kilichobuniwa na watu wa King’s College London kwa ajili ya vituo kama vyetu. Kinachajiwa kwa waya wa simu na kina taa ya kijani, ya njano na nyekundu, hata mhudumu wa afya wa kijijini anakielewa. Kilijaribiwa kati ya 2016 na 2017 katika nchi kadhaa, zikiwemo Uganda na Zambia, jirani yetu wa ziwa hili hili. Matokeo hayakuonyesha bayana kwamba kifaa peke yake kinapunguza vifo na madhara, na hilo linaeleweka: taa ikiwaka nyekundu, bado anatakiwa mtu wa kufanya kitu, na gari, na dawa.

Kuhusu aspirini nataka nieleweke vizuri, maana najua dada mmoja atasoma hapa kisha aende duka la dawa. Usiende. Kidonge cha maumivu ya kichwa kinachouzwa rejareja mara nyingi ni cha miligramu 500, na hicho si hiki ninachokisema. Dozi ya mjamzito ni ndogo, kati ya miligramu 75 na 150, inaanza baada ya wiki ya 12, inamezwa usiku, inasimamishwa karibu na kujifungua, na wapo wasiotakiwa kuitumia kabisa, kama wenye vidonda vya tumbo vinavyovuja damu. Mtaalamu ndiye aamue.

Kalsiamu nayo ina habari njema iliyotoka karibu nasi. Kwa miaka mingi mapendekezo yalikuwa miligramu 1,500 kwa siku au zaidi kwa wajawazito wa sehemu ambazo chakula hakina kalsiamu ya kutosha, na vidonge vyake ni vikubwa, vingi, ghali; vituo vingi viliona ni ndoto. Mwezi Januari 2024 yakachapishwa matokeo ya tafiti mbili, moja ya Bengaluru nchini India na nyingine ya Dar es Salaam, kila moja ikiwa na wanawake 11,000 wenye mimba ya kwanza. Ilionekana kwamba miligramu 500 tu kwa siku hazipitwi na 1,500 katika kuzuia prieklampsia. Theluthi ya mzigo na theluthi ya gharama. Na sisi tuna ndagala, samaki anayeliwa na mifupa yake yote. Nawaambia kina mama wale ndagala kila wanapoweza, wasiwaache wote kwa wafanyabiashara wa Bujumbura. Hilo halichukui nafasi ya kidonge kwa mwenye hatari, lakini ni kalsiamu iliyo mezani kwetu.

Kwa nini wanachelewa? Mimba changa inafichwa kwa kuogopa jicho la watu, na siwacheki. Aliyewahi kuharibikiwa na mimba mara mbili ana sababu ya kunyamaza. Wasichana ambao hawajaolewa wanaficha kwa aibu mpaka haiwezekani tena. Na kina mama wengi wanaamini kwamba wakija siku ya kwanza bila mume hawatapokelewa. Mume yuko ziwani, au amevuka Kigoma na mzigo wa biashara, au hajulikani aliko. Basi wanamngoja. Nawaomba viongozi wa vituo vyote vya ufukwe huu, kuanzia Kabezi, Minago, Rumonge hadi Nyanza-Lac, waseme kwa sauti misikitini na makanisani: mke aje peke yake, apimwe leo, mume atakuja siku nyingine. Kuja na mume ni vizuri. Kuchelewesha kipimo cha mimba kutoka wiki ya 10 hadi wiki ya 22 kwa ajili ya mume ni kumdhulumu mama.

Nimesikia pia hoja kwamba kumwambia mwanamke ana hatari ni kumtia hofu bure, kwa sababu wengi wa hao hawataugua. Ni kweli wengi hawataugua. Lakini hofu inategemea anayesema na anavyosema. Nikimwambia mama, “Kuna kitu kwenye uzazi wako uliopita kinanifanya nitake kukuona mara nyingi zaidi, na kuna kidonge cha kusaidia,” hatoki analia. Anatoka na tarehe. Kinachowatia hofu kweli ni degedege lisilo na maelezo, lile linalopewa jina la shetani au la mkwe aliyekasirika, likavunja ndoa na ukoo. Namheshimu anayesoma dua. Asome, huku gari likienda hospitali.

Na gari lenyewe ndilo linalonirudisha kwenye mapema. Wakubwa wanaikumbuka Kabezi. Kuanzia 2006 Madaktari Wasio na Mipaka waliendesha pale kituo cha dharura za uzazi, wakaweka ambulansi zilizokuwa zikiwafuata wanawake kwenye vituo vya vilimani kila simu ilipopigwa, na mwaka 2012 walikadiria kwamba vifo vya uzazi katika wilaya ile vilipungua kwa kiasi cha 74 kwa mia. Kumbe inawezekana, kwenye barabara hii hii ya ziwa. Lakini ambulansi inataka mafuta, na miaka hii foleni za mafuta Burundi nzima kila mtu anazijua. Barabara nayo hukatika mvua zikizidi, kama watu wa Gitaza wanavyojua. Nimekaa na mama mwenye presha ya kutisha, sindano nimeshamchoma, nikisubiri gari ambalo dereva wake alikuwa anatafuta lita za kutosha kwenda na kurudi. Mwanamke aliyepewa aspirini wiki ya 13 hana uhakika wa kupona, hapana. Ana nafasi kubwa zaidi ya kutolihitaji gari lile usiku.

Mwezi Mei 2006 serikali yetu ilifanya huduma ya kujifungua na matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano kuwa bure, na nilivyoona watu wanavyomiminika tangu hapo, sitaacha kuishukuru. Rumonge iliyokuwa mkoa tangu 2015 sasa imo ndani ya mkoa wa Burunga. Wakuu wapya wanapopanga upya dawa na watumishi, wasikilize hili la mkunga. Aspirini ya dozi ndogo na kalsiamu ziwe kwenye kabati la kila kituo cha afya, pembeni ya vidonge vya damu, bure kama vidonge vya damu, na wakunga wapewe mwongozo wa kuzianzisha bila kumzungusha mama safari ya siku nzima. Kila chumba cha kliniki kiwe na kipima presha kilichothibitishwa kwa wajawazito, mikanda ya saizi mbili na betri za akiba. Vijiti vya kupima protini kwenye mkojo visikatike. Na wahudumu wa afya wa vijijini, wanaojua nani kakosa hedhi kabla ya mume kujua, wapewe jukumu na malipo ya kuwaleta wanawake kabla ya wiki ya 12, ambao ndio muda Shirika la Afya Duniani limeutaja tangu 2016 kwa hudhurio la kwanza.

Kwa wenye mimba kubwa tayari, bado mna cha kufanya. Kichwa kinachouma na hakisikii dawa, macho kuona ukungu au nyota, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso na vidole kuvimba ghafla, pumzi kukata: usilale na hayo, usingoje asubuhi. Na baada ya kujifungua pia, kwa wiki sita, ugonjwa huu bado unaweza kuja.

Kwa wewe uliyekosa hedhi mwezi huu na hujamwambia mtu, njoo. Hatutakutangaza. Na kama uzazi uliopita ulipata presha, au ulianguka, au mtoto alitoka kabla ya miezi yake, njoo wiki hii na karneti yako ya zamani. Kama huna karneti, njoo na anayekumbuka.